Kuandika faili la mgonjwa kwenye kliniki ya afya ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wauguzi, matabibu na maafisa ustawi wa jamii wanaohudumia wagonjwa wa akili kwenye zahanati, vituo vya afya na hospitali za Mtwara na Lindi. Mengine nimeulizwa wakati wa usimamizi shirikishi, mengine kwenye korido ya wodi, mengine kwa simu usiku. Nimeyajibu kama ninavyomjibu mwenzangu kazini. Wagonjwa wote waliotajwa humu ni mifano ya kutunga.

## Mambo ya msingi

1. Ninapoandika, namwandikia nani hasa?

Mwandikie mtu atakayempokea mgonjwa huyu siku ambayo wewe haupo. Huenda ni muuguzi wa zamu ya usiku pale Ligula, hospitali ya rufaa ya Mtwara. Huenda ni tabibu aliye peke yake kwenye zahanati ya Tandahimba, na mgonjwa ameletwa kwake kwa bodaboda akiwa amefungwa kamba. Mtu huyo hana nusu saa ya kusoma. Anatafuta mambo manne: mgonjwa anaumwa nini, anatumia dawa gani na kwa kiasi gani, kuna hatari gani, na mara ya mwisho mlipanga nini. Faili likimjibu hayo ndani ya dakika moja, umeandika vizuri hata kama ni mistari sita.

Wasomaji wengine wapo: bima, mara chache mahakama, na mgonjwa mwenyewe (tazama swali la 15). Lakini ukiandika kila siku kama unayejitetea mbele ya hakimu, yule wa zamu ya usiku hataona anachokihitaji.

2. Maelezo yawe marefu kiasi gani?

Mgonjwa mpya, ukurasa mmoja mpaka miwili. Mgonjwa wa marudio aliyetulia, mistari mitano mpaka minane. Urefu ufuate mabadiliko: kisichobadilika kitajwe kwa neno, kilichobadilika kielezwe. Mfano wa marudio:

"Miaka 27, skizofrenia, hudhurio la 9. Amekuja na mjomba. Anasema: 'Sauti zimepungua, ila usiku bado zinaniita jina.' Mjomba: anakula, analala kuanzia saa tatu usiku, ameanza kupalilia. Msafi, anajibu anachoulizwa, uso hauonyeshi hisia nyingi. Ameulizwa kuhusu kujiua na kudhuru wengine: hana mawazo hayo. Mkono wa kulia unatetemeka kidogo, haujakakamaa. Maoni: anaendelea vizuri, dozi haihitaji kupanda, nadhani tetemeko linatokana na dawa. Mpango: haloperidoli 5 mg usiku iendelee, Artane 2 mg asubuhi, mpya. Arudi baada ya wiki 4, au mapema tetemeko likizidi. Mjomba ameelezwa."

Hakuna historia ya kuzaliwa wala ya shule. Hiyo ipo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili na haina haja ya kurudiwa. Aliyemleta ametajwa, kwa sababu huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mara nyingi mjomba ndiye mwenye kauli juu ya matibabu, na mwenzako lazima ajue amtafute nani.

3. Ni lazima nifuate SOAP?

SOAP ni muundo wa kuandika maelezo ya mgonjwa kwa sehemu nne, na herufi zake ni za maneno ya Kiingereza: subjective, objective, assessment, plan. Ulitokana na kazi ya daktari Mmarekani, Lawrence Weed, miaka ya 1960. Herufi ya kwanza ni anachosema mgonjwa, ya pili unachokiona na kukipima, ya tatu unavyofikiri, ya nne mtakachofanya. Si lazima uandike herufi zenyewe pembeni. Mfano wa swali la 2 unafuata mpangilio huo bila kuzitaja.

Kinachonisikitisha ni herufi ya tatu kuachwa. Nafungua faili baada ya faili: mgonjwa kasema hivi, kapewa dawa ile. Katikati hakuna kitu. Anayefuata anakuta dozi imepanda maradufu na hajui kama ni kwa sababu mgonjwa alizidiwa, au alikuwa hamezi, au ndugu walilalamika tu. Sentensi moja yenye neno "kwa sababu" inatosha: "Nimeongeza kwa sababu sauti zimerudi ingawa anameza kila siku." Kama huna uhakika, andika kwamba huna uhakika na unangoja nini ili ujue. Hiyo nayo ni tathmini.

4. Niandike kwa Kiingereza au Kiswahili?

Wengi tumefundishwa kuandika kwa Kiingereza na mafaili yetu yako hivyo. Sina ugomvi na hilo kwa uchunguzi, dawa na mpango. Tumia lugha unayoiandika haraka bila kukosea na ambayo kituo chako kimekubaliana. Lakini kauli ya mgonjwa ibaki kama alivyoitamka, ndani ya alama za kunukuu.

Mama anakwambia, "Mwanangu, nawaza sana." Ukiitafsiri papo hapo, kalamu yako imeshaamua kuwa ni sonona au ni wasiwasi, kabla hujamuuliza anawaza nini. Huenda anawaza deni la pembejeo. Huenda anawaza kijana wake aliyekwenda Dar es Salaam na hajapiga simu miezi sita. Huenda anawaza kufa. Vivyo hivyo "kichwa kinawaka moto" na "kuna wadudu wanatembea kichwani": kwa mmoja ni namna ya kusema amechoka na huzuni, mwingine anaamini kabisa kuwa wadudu wamo na anaomba wapasuliwe watoke. Tafsiri inafuta tofauti hiyo, na haiwezi kurudishwa na mtu anayesoma faili miezi mitatu baadaye.

Chukua mjane aliyesema, "Alfajiri namsikia marehemu mume wangu akikohoa nje." Mazishi yalikuwa wiki tatu zilizopita. Kwenye faili ikaingia kwa Kiingereza kuwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo, na kwa maneno hayo anayefuata ataona skizofrenia. Kauli yake mwenyewe ingemwonyesha msiba.

5. Mgonjwa anaongea Kimakonde au Kimwera tu. Nifanyeje?

Andika nani ametafsiri na ana uhusiano gani na mgonjwa. "Ametafsiri binti yake" ni taarifa nzito: yapo ambayo mama hatayasema mbele ya bintiye, hasa ya ndoa, kipigo na kutaka kufa. Kama kuna muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua lugha, mtumie yeye na umtaje kwa cheo. Mtoto asitafsiri. Neno ambalo mtafsiri anahangaika nalo liandike kama lilivyotamkwa, kisha weka maelezo yake pembeni.

## Muda

6. Siku ya kliniki nina wagonjwa 40. Nitaandika saa ngapi?

Kabla mgonjwa hajainuka kitini. Mwambie, "Mama, nisubiri kidogo niandike uliyoniambia, halafu nikusomee tulichokubaliana." Ni dakika mbili, na kumsomea mpango kunaokoa makosa: hapo ndipo utasikia, "Hapana, ile nyeupe niliacha tangu mwezi ule." Anayesema atajaza jioni, jioni ikifika mgonjwa wa 12 na wa 19 wamekuwa mtu mmoja kichwani mwake.

Kuna mgonjwa ambaye kalamu inamtisha, anayeamini anafuatiliwa na kila unachoandika kinapelekwa mahali. Kwake weka kalamu chini, mtazame, ongea naye. Andika akishatoka, kabla hujamwita anayefuata.

Kinachosaidia kuliko vyote ni kutayarisha mafaili jana yake. Mtu mmoja anaandika tarehe na dawa za mwisho. Asubuhi presha na uzito vinaingia hapo hapo mgonjwa anapopimwa. Ukipokea faili, nusu ya kazi imefanyika.

7. "Hali ile ile, aendelee na dawa." Haitoshi?

Haitoshi. Ile ile ipi? Ongeza vitu vitatu: analalaje, anamezaje dawa, mchana anafanya nini. "Analala vizuri, anameza mwenyewe, anauza samaki feri" ni maneno machache, na siku akianza kuumwa mwenzako ataona mapema kuwa ameacha kwenda feri.

Kwenye kompyuta ugonjwa huu una sura nyingine: kunakili maelezo ya mwezi uliopita na kubadilisha tarehe. Matokeo yake ni mama mwenye mimba ya miezi mitano katika mahudhurio matatu mfululizo. Ukinakili, soma kila sentensi na ufute ambayo leo hukuiuliza.

8. Vifupisho vinaruhusiwa?

Vile ambavyo kituo kizima kinavijua. Ukikibuni mwenyewe, kiache. Majina ya dawa yaandikwe kamili kila mara: klopromazini na klomipramini zikifupishwa kwa herufi tatu za mwanzo hazitofautiani kabisa.

9. Faili, kadi, kitabu cha MTUHA, kompyuta. Niandike kitu kile kile mara nne?

Hapana, kila kimoja kina kazi yake. Kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya takwimu za huduma za afya, kinahesabu: utambuzi, umri, jinsia, marudio au mpya. Faili linaeleza. Kadi inasafiri. Kama kituo kina mfumo wa kompyuta, maelezo kamili yaingie huko, na karatasi ibaki kwa siku umeme au mtandao unapokatika. Ukiandika kwenye karatasi siku hiyo, andika kwenye mfumo kesho yake kuwa maelezo ya tarehe fulani yako karatasini.

Kadi ndiyo inayodharauliwa, nayo ndiyo pekee mgonjwa wa Masasi atakayokuwa nayo akienda kulima Liwale. Iwe na utambuzi, dawa na dozi, tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe ya kurudi. Basi. Kadi inashikwa na mume, jirani na konda. Habari za ubakaji, Ukimwi au kutaka kujiua zikae kwenye faili.

## Yanayoingia kwenye faili

10. Uchunguzi wa hali ya akili una vipengele vingi. Niandike vyote?

Kwa mgonjwa mpya, vyote: mwonekano, mwenendo, usemi, hisia, mawazo, maruweruwe (kuona au kusikia visivyopo), fahamu na kumbukumbu, na kama mwenyewe anaona anaumwa. Kwa wa marudio, hisia, mawazo, maruweruwe na hatari kila mara, mengine yakibadilika.

Andika ulichokiona, si hukumu yake. "Mkali" haimwambii mtu kitu. "Amesimama mara nne, amepiga meza, ametulia alipopewa maji" inamwambia jinsi ya kumpokea. Maneno kama "mbishi", "msumbufu" na "kichaa" yaondoke kabisa. Yanasomwa na kila anayelifungua faili, na yanamtangulia mgonjwa mlangoni kwa miaka.

Ukitumia PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona, andika jumla kati ya 27, na jibu la swali la 9 peke yake. Jumla ya 8 yenye alama 2 kwenye swali la 9, linalohusu kutamani kufa au kujidhuru, si mgonjwa wa kumrudisha nyumbani kwa haraka.

11. Kuhusu dawa, nini hakipaswi kukosekana?

Jina, kiasi, mara ngapi, kwa muda gani. Kwa sindano ya muda mrefu, tarehe aliyochomwa na tarehe ya ijayo. Madhara uliyoyatafuta hata kama hayapo: kukakamaa, kutetemeka, mate kutiririka, kushindwa kutulia. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa anayetumia valproeti, kwa kifafa au kwa bipola, mimba na uzazi wa mpango viulizwe na viandikwe kila hudhurio, kwa kuwa dawa hiyo ina hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Tenganisha dawa uliyoandika na dawa aliyopata. Kama stoo haikuwa nayo, andika "haikupatikana, ametumwa kununua", na mara ijayo uliza kama alinunua. Nimeona mgonjwa akihesabiwa kuwa dawa imeshindwa kumsaidia wakati hakuwahi kuimeza.

12. Mgonjwa anasema anakunywa "kidogo tu". Naandikaje?

Andika anakunywa nini, kwa chombo gani, mara ngapi, na lini mara ya mwisho. Uraka, pombe ya mabibo, hauna lebo, hivyo chupa ngapi au kopo la ukubwa gani ndicho kipimo chako. Gongo iandikwe kando, ni kali zaidi.

Andika pia msimu. Kuanzia Oktoba mabibo yamejaa na fedha za mnada wa korosho zinaingia. Kuna mtu anayekunywa kila siku miezi mitatu, kisha uraka unakwisha ghafla. Akiletwa siku ya pili mpaka ya nne baada ya kuacha, anatetemeka, ana jasho, anaona watu ukutani, tarehe ya kinywaji cha mwisho ndiyo itakayomtofautisha na mwenye skizofrenia. Hiyo ni dharura inayoweza kuua. Faili lisilo na tarehe hiyo linampeleka mgonjwa njia isiyo yake.

13. Ametoka kwa mganga, au anasema ana majini. Niandike?

Ndiyo, bila kejeli. Andika alikwenda lini, alikaa muda gani, alipewa nini cha kunywa au kujifukiza, kama alifungwa au kupigwa, na kama alisimamisha dawa zetu. Majeraha ya kamba mikononi yachorwe au yaelezwe. Kuamini majini si dalili peke yake. Majirani zake wote wanaweza kuwa wanaamini. Kinachoandikwa ni kilichobadilika kwake: ameacha kula kwa sababu jini amemkataza, familia inamshangaa.

14. Mgonjwa ametaja kujiua. Niandike kiasi gani?

Hapa usifupishe. Andika maneno yake, kama ana mpango, kama amewahi kujaribu, nini kinamzuia, nani yuko nyumbani, na mlichokubaliana. Andika pia kama njia ipo karibu. Kwenye nyumba zetu nyingi viuatilifu vya mikorosho vinakaa chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Uliza vinawekwa wapi, na andika nani amekubali kuvihamishia nje na kuvifungia. "Dada yake amekubali kuvipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji leo; nitampigia kesho saa nne" ni mpango. "Ameshauriwa" si mpango.

Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kufa; wengi huonekana kutua mzigo. Na kama hana mawazo hayo, andika kwamba umeuliza. Nafasi tupu inasomeka kama hukuuliza.

Jambo moja linawafanya wenzetu waogope kuandika: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ndiyo maana familia inasema "alikosea chupa". Andika walichosema wao kuwa ni kauli yao, andika alichokwambia mgonjwa kuwa ni kauli yake, na andika ulichokikuta mwilini. Kuficha jaribio ili kumlinda kunamwacha bila ulinzi kwa atakayemhudumia baada yako.

## Siri na sheria

15. Mgonjwa anaweza kuomba kusoma faili lake?

Anaweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua kilichohifadhiwa juu yake, na inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mpeleke kwa msimamizi wa kituo kwa utaratibu, kisha kaa naye wakati anasoma. Andika tangu leo kana kwamba atasoma kesho.

16. Ndugu ameniambia jambo na kuniomba mgonjwa asijue. Liingie?

Likigusa usalama au matibabu, liingie, likiwa limetenganishwa: nani kasema, lini, na kwamba ameomba siri. Mwambie ndugu huyo mapema kuwa huwezi kumwahidi siri kamili. Mambo ya watu wengine yasiyosaidia matibabu, kama shemeji aliyefumaniwa, yaache nje.

17. Polisi au mahakama wakihitaji maelezo?

Usimpe mtu faili mlangoni. Ombi lipitie kwa mganga mfawidhi kwa maandishi, nawe andika kwenye faili nini kimetolewa na kwa nani. Kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, jaza majeraha uliyoyaona. Kama mtuhumiwa alikuwa na akili timamu siku ya tukio ni swali la daktari bingwa. Mahakama huwapeleka watu wa namna hiyo kwenye taasisi ya Isanga, Dodoma, kwa uchunguzi. Na ukimlaza mtu bila ridhaa yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, andika matendo uliyoyaona, nani aliomba alazwe, na njia zipi nyepesi zilijaribiwa kwanza.

18. Naweza kupiga picha ukurasa na kuutuma kwenye grupu la WhatsApp ili nipate ushauri?

Usifanye hivyo. Mpigie bingwa mmoja, eleza kwa umri na dalili bila jina wala kijiji, kisha andika kwenye faili: umeongea na nani, saa ngapi, amesema nini. Mji wetu ni mdogo. "Mwalimu wa kike, miaka 34, Nanyamba" ni jina tayari.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimeandika kosa, au kwenye faili la mtu mwingine.

Piga mstari mmoja unaoacha maneno yasomeke, andika "kosa", tarehe na saini. Usitumie wino mweupe, usichane ukurasa. Ulichosahau kiongeze leo kwa tarehe ya leo: "Nyongeza ya hudhurio la tarehe fulani."

20. Mgonjwa hakurudi tarehe yake.

Andika siku hiyo hiyo: hakuja, nimepiga simu, nani kapokea, kasema nini. Msimu wa korosho familia nzima huhamia mashambani na simu hazipatikani, hivyo kabla ya Oktoba muulize kila mmoja atakuwa shamba gani na zahanati ipi iko karibu, uandike. Kumpa dawa za miezi miwili badala ya mmoja ni uamuzi unaohitaji sababu yake kwenye faili, hasa kwa mwenye historia ya swali la 14.

21. Barua ya rufaa iwe na nini?

Ukurasa mmoja. Swali lako liwe mstari wa kwanza: unataka nini kutoka Ligula, Sokoine (hospitali ya Lindi) au Mirembe (hospitali ya afya ya akili, Dodoma)? Kisha yale manne ya swali la 1, dawa zote zilizowahi kujaribiwa na dozi zilizofikiwa, alichopewa leo na saa ngapi, hasa kama amechomwa sindano ya kumtuliza kabla ya safari. Weka jina na simu ya ndugu anayemsindikiza, na yako. Nakala ibaki kwenye faili, na tarehe ya kufuatilia majibu iingie kwenye daftari la miadi, maana mgonjwa akirudi kutoka Dodoma na karatasi mfukoni, mara nyingi wa kwanza kuisoma utakuwa wewe.